Bushi za nyuma za Impreza WRX: wapi weka poli, wapi baki na raba (kwa barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini)

mwana_uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Maswali ya Subaru kuchezesha mkia yamezidi humu na majibu karibu yote ni yale yale, weka poli (bushi za plastiki ngumu ya poliyurethani badala ya raba) mkuu gari itatulia. Mimi siko huko kabisa. Gari yangu ni Impreza WRX ya bodi ya GDA, ile ya injini ya EJ205 yenye tabo, hosipawa 250 kwa vipimo vya Japani, makazi Uyole na barabara yangu kubwa ni ya Tukuyu, kwa hiyo kona, mvua na ukungu vyote nakula. Bushi za nyuma (zile raba za kwenye maungio ya vyuma vinavyoshika tairi) nimebadilisha zote na makusudi kabisa sikuweka poli kila mahali, sasa acha nieleze kwa nini, wenye haraka pitieni tu.

Kwanza tujue kuna nini huko chini. Kwenye GDA kila tairi la nyuma limeshikwa na shokapu na springi yake, halafu kuna linki mbili za pembeni zinazotoka kwenye krosimemba (chuma kikubwa kinachokatiza chini ya gari) kwenda kwenye habu (pale tairi linapofungwa), moja iko mbele na nyingine nyuma, halafu kuna treilingi amu inatoka kwenye bodi mbele ya tairi inarudi kuishika habu. Zile linki mbili ndio zinaamua tairi liangalie wapi. Treilingi amu yenyewe inazuia tairi lisikimbie mbele na nyuma ukikanyaga breki au ukivuta mafuta.

Sasa chukua bushi ya linki iliyochoka. Unashuka kona za Isongole na spidi yako nzuri, katikati ya kona unaona lori limesimama unaachia mafuta ghafla. Uzito wote unahamia mbele, nyuma inabaki nyepesi, na kwa kuwa raba imechanika lile tairi la nje linapata nafasi ya kugeuka kidogo liangalie nje badala ya kubaki lilipopangwa. Ni milimita chache tu lakini ukiwa kwenye kona hizo ni sawa na mtu amekushikia usukani wa nyuma. Hapo ndipo unasikia watu wanasema Subaru ina tabia mbaya, kumbe gari ya miaka ishirini inatembelea raba ilizofungiwa kiwandani.

Namna ya kujua: ingia shimoni gari ikiwa imekaa kwa matairi yake, chukua mtaimbo mdogo au bisibisi kubwa, ingiza kati ya linki na krosimemba upinde taratibu huku mwenzako anamulika tochi. Raba nzima inanyumbuka na kurudi. Raba iliyokufa utaona imepasuka kuzunguka ile silivu ya katikati (bomba dogo la chuma ambalo bolti inapita ndani yake), mpasuko unafunguka ukipinda na kujifunga ukiachia, na mara nyingi ile silivu imeshahama katikati imelala upande mmoja. Yangu ya kulia ilikuwa hivyo, ukiitazama kwa juu juu nzima kabisa, ukipinda unaingiza ukucha.

Ila kabla hujalaumu bushi angalia shokapu kama hazivuji, angalia beringi za habu, na angalia matairi kama upepo uko sawa. Kuna watu wanabadilisha bushi zote kumbe shokapu imekufa.

Haya, poli sasa. Bushi ya raba ya kiwandani imeunganishwa moja kwa moja na chuma, ndani na nje, haizunguki. Amu ikipanda na kushuka raba ndio inajisokota halafu inarudi. Poli haijaunganishwa, mara nyingi inakuja vipande viwili na silivu ya chuma katikati, inazunguka juu ya ile silivu na inategemea grisi. Faida yake ni ngumu, haibonyei ovyo, mafuta hayaiharibu haraka kama raba, na ukiinunua kwa watengenezaji wanaojulikana kama Whiteline, SuperPro au Powerflex inakaa sana. Hasara yake inajua kuzunguka upande mmoja tu. Ukiilaza pembeni inagoma.

Na hapa ndipo treilingi amu inapoleta mgogoro. Tairi likipanda kwenye tuta, zile linki za pembeni zinachora upinde wake kutokea katikati ya gari, wakati huo huo treilingi amu nayo inachora upinde wake kutokea mbele. Pinde mbili hazikubaliani, lazima bushi fulani ikubali kulala kidogo pembeni ili mambo yaende. Raba inakubali kila upande. Poli ngumu inakataa, matokeo yake nyuma inakuwa nzito kupanda na kushuka, unadhani shokapu ni ngumu kumbe bushi zimebana, na kwenye barabara mbovu tairi linaruka badala ya kufuata barabara. Nguvu ile haipotei pia, inaenda kwenye bolti na kwenye breketi ya bodi.

Kwa hiyo mimi nilifanya hivi. Stabilaiza (ile fito ya kuzuia gari kulala kwenye kona) poli, pale hakuna mjadala, kazi yake ni kuzunguka tu. Linki za pembeni poli ya ugumu wa kati. Treilingi amu raba mpya ya kampuni. Difu ya nyuma raba mpya pia, sitaki kusikia gia za difu zinaimba ndani ya gari mpaka Tunduma. Gari imekuwa ya kuaminika kwenye kona na bado mama watoto anakubali kupanda.

Maswali karibuni.

kitonga_driver

Kamwene wadau! Mkuu umefungua darasa. Mimi niko Iringa na Forester SG5 ya tabo, mpangilio wa nyuma si ni huo huo? Tatizo langu ukitoka Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda Kitonga nyuma imekaa chini kama nimebeba gunia za viazi na sijabeba kitu, na kwenye kona inalala. Fundi kaniambia bushi.

mwana_uyole

@kitonga_driver mpangilio ni huo huo kaka, linki mbili na treilingi amu. Ila gari kukaa chini nyuma hiyo sio kazi ya bushi. Forester nyingi za aina yako zilikuja na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe, zina pampu ndani zinajijaza kadri gari inavyotembea. Zikichoka nyuma inashuka, na springi zake ni laini kwa sababu zilipangwa kusaidiwa na shokapu. Ukifunga shokapu za kawaida bila kubadilisha springi ujue itabaki imelala vile vile. Anza na hilo. Bushi kagua ukiwa huko huko chini.

mzee_wa_hardtop

Vijana mnahangaika sana. Uza hiyo nunua Land Cruiser mkonge, bushi zake unabadilisha mjukuu akimaliza chuo.

mwana_uyole

Mzee shikamoo. Tukutane kona za Isongole 😂

fundi_mwanjelwa

Mleta uzi umeongea vizuri ila umeruka kitu ambacho ndio kinaua bushi nyingi mjini hapa, na nasema kama fundi maana naletewa kazi za watu wengine kila siku. Bushi ya raba haitakiwi kukazwa gari ikiwa imening'inia kwenye jeki. Narudia, haitakiwi. Gari ikiwa juu tairi linaning'inia, amu imeinama chini kabisa. Ukikaza bolti hapo ile silivu ya katikati inashikwa kwenye pozi la kuning'inia. Ukishusha gari amu inapanda kwenye nafasi yake na raba inajisokota hata kabla gari haijatembea, inakaa imesokotwa usiku na mchana. Sasa weka matuta ya barabara zetu juu yake. Ndio maana mtu anafunga bushi za bei kubwa baada ya muda mfupi zimechanika anasema feki. Nyingine ni OG kabisa, kafungiwa vibaya.

Utaratibu: funga kila kitu kwa mkono, bolti ziingie lakini zisikazwe, shusha gari ikae kwa matairi yake, itikise mara kadhaa isogeze mbele na nyuma ikae sawa, ingia shimoni ukaze ukiwa chini yake. Asiye na shimo apandishe matairi yote manne kwenye mbao nene apate pa kujipenyeza, au jeki chini ya habu mpaka amu ifike urefu ule ule wa kawaida, upime kutoka katikati ya tairi mpaka kwenye fenda kabla hujafungua chochote. Na namba za kukazia ziko kwenye kitabu cha gari, tumieni spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), sio kukaza mpaka mishipa ya shingo itoke.

Poli yenyewe haina huo ugonjwa kwa sababu inazunguka, lakini mimi nakaza zote chini, tabia moja tu.

dogo_sinde

Mafundi, kuna jamaa anauza poli nyekundu bei chee, boksi halina jina. Anasema nyekundu ndio ngumu zaidi ya zile za njano, ni kweli?

fundi_mwanjelwa

Rangi ni rangi tu dogo. Kila mtengenezaji ana rangi zake na maana zake, nyekundu ya huyu inaweza kuwa laini kuliko njano ya yule. Ugumu unapimwa kwa namba za Shore A, mtengenezaji wa kweli anaandika. Boksi bila jina, bila namba ya bidhaa, bila grisi ndani, bila maelezo ya kufunga... mwenyewe umeshajua jibu ila bei inakuvuta.

mwana_uyole

Na uangalie hiyo silivu ya chuma, iwe ndefu kidogo kuliko poli ili bolti ikikazwa ibane silivu. Ikiwa fupi bolti inabana poli yenyewe, haizunguki tena, hapo umenunua shida kwa hela yako.

pori_la_mafinga

Naongeza njia ya tatu ambayo watu wanaisahau. Kati ya raba ya kawaida na poli kuna raba ngumu za STI (kitengo cha mashindano cha Subaru), zile wanaita Grupu N. Ni raba ile ile iliyounganishwa na chuma, inasokota kama ya kiwandani, ila mchanganyiko wake ni mgumu zaidi. Hazipigi kelele, hazihitaji grisi, na kwenye treilingi amu ndio mahali pake hasa maana zinakubali kulala pembeni. Tatizo kuzipata, mpaka uagize, na ukiagiza hakikisha namba ya chesisi yako maana matoleo yanatofautiana.

Zile rozi jointi za chuma kabisa (maungio yasiyo na raba wala poli) msidanganyike na picha za mtandaoni. Kwenye gari ya rali inayofunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mashindano sawa. Huku kwetu vumbi la Mufindi kiangazi na tope la masika, zinaanza kugonga mapema mno na kila jiwe unalolikanyaga unalisikia kwenye meno.

mwana_uyole

@pori_la_mafinga hapo umenena, zile Grupu N ningezipata kirahisi ningeweka kwenye treilingi amu bila kufikiria mara mbili.

altezza_njombe

Nyie wa Mbeya mna baridi ya kitoto. Huku Njombe mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna siku unakuta majani meupe kwa barafu. Gari yangu ina poli nyuma, asubuhi nikitoka getini inalia kiii kiii kila tuta mpaka majirani wanajua naenda kazini. Mchana ikipata joto inapungua. Nimepuliza WD (ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu) ikanyamaza siku hiyo hiyo ikarudi.

fundi_mwanjelwa

WD sio grisi kaka, inaosha hata ile kidogo iliyobaki. Na usiweke grisi ya kawaida ya beringi, inaoshwa na maji haraka na ikigusa bushi za raba za jirani zinavimba. Inatakiwa ile nzito ya silikoni inayokuja na poli, inanata kama gundi haitoki kwa maji. Fungua bolti, toa silivu, safisha kabisa, paka ndani ya poli, juu ya silivu na zile nyuso za pembeni zinazosuguana na breketi. Watu wengi wanasahau hizo za pembeni na kelele nyingi inatokea hapo. Ukikuta silivu ina kutu au mikwaruzo ibadilishe, itakuwa inatafuna poli kama msasa.

Nyingine zina nipeli ya grisi, hizo ni raha, unapiga pampu unaondoka.

altezza_njombe

Asante fundi, nipeli hazina hizi. Jumamosi nafungua.

dogo_sinde

Na kutoa zile za zamani je? Kuna fundi alizichoma moto mbele yangu, moshi mweusi mtaa mzima tukakimbia.

fundi_mwanjelwa

Wanachoma kwa sababu hawana presi (mashine ya kusukumia bushi). Ule moshi ni sumu, na raba ikishika moto inaruka vipande inakuunguza. Mimi nafanya hivi: amu natoa nje ya gari, kama presi inaisukuma vizuri sawa, ikigoma natoboa raba kwa drili kuzunguka silivu mpaka ya katikati inatoka, linabaki lile ganda la chuma la nje. Hapo naingiza blade ya msumeno wa chuma ndani nakata ganda taratibu, nikikaribia kumaliza nasimama, napiga kwa patasi linajikunja lenyewe linatoka. Ukikata mpaka ukaingia kwenye amu umeweka mkwaruzo, na chuma huanza kupasuka kwenye mkwaruzo.

Kabla ya kutoa weka alama ya rangi bushi ilivyokuwa imeelekea, nyingine zina matundu kwenye raba na yana upande wake. Kuingiza raba mpya paka maji ya sabuni, oili hapana. Na soma karatasi ya poli, nyingine zinataka lile ganda la nje libaki, ukilitoa bushi inacheza ndani kama kokwa ya embe.

Hata fundi mwenye presi tu bila gereji anafaa, amu zinaletwa hata kwa bodaboda, sio lazima gari ije.

binti_makambako

Habarini wakubwa. Mimi sio wa mashindano, nina Impreza ya kawaida 1.5 natoka Makambako kwenda Mbeya kikazi. Tairi za nyuma zinaliwa upande wa ndani, nimeshafanya alainimenti (kupima na kurekebisha mwelekeo wa matairi) zaidi ya mara moja, karatasi inaonyesha kijani kila sehemu, halafu tairi linaliwa vile vile. Na nikiingia kwenye ile mifereji ya malori kuanzia Igawa gari inavutwa huku na huku. Ni bushi?

mwana_uyole

Dada yangu kwa maelezo hayo bushi ndio mshukiwa wa kwanza. Alainimenti inapimwa gari imesimama, hakuna breki hakuna kona, raba iliyochanika imetulia na namba zinatoka kijani. Ukianza kutembea tairi linaenda linakotaka. Ukifanya alainimenti juu ya bushi zilizokufa unalipia karatasi tu. Badilisha bushi kwanza, alainimenti baadaye, na lazima ufanye maana ukigusa zile linki vipimo vinahama.

Mifereji ya malori inavuta gari yoyote hasa yenye matairi mapana, hiyo haitaisha kabisa, ila gari yenye bushi nzima inavutwa mara moja unairudisha, yenye bushi mbovu inavutwa halafu nyuma inajibu kwa kuchelewa, ndio ule mchezo wa huku na huku unaousema. Kwa matumizi yako weka raba mpya za kawaida pande zote, poli huihitaji.

binti_makambako

Nimerudi jamani. Nimeipeleka kwa fundi wa huku, bushi za linki zote zimechanika kama ulivyosema. Ila amesema ile bolti ya kurekebishia alainimenti imeganda haitoki, na ile ndefu ya kwenye habu nayo hivyo hivyo. Anataka kuchoma na gesi. Nimemwambia asubiri niulize.

fundi_mwanjelwa

Vizuri umemzuia. Ile ndefu inayopita kwenye habu ni maarufu kwa kuganda, kutu inaishikisha na silivu za bushi kwa ndani, ukiigonga kwa nguvu unaharibu nyuzi tu. Apulize dawa ya kulainisha kutu aiache usiku kucha, kesho arudie, ajaribu kuizungusha mbele na nyuma kidogo kidogo, asivute upande mmoja. Nati aiache ijae nyuzi wakati anagonga ili kichwa cha nyuzi kisiharibike. Ikikataa kabisa akate bolti kwa msumeno au grenda blade nyembamba, kati ya linki na habu, mnunue bolti na nati mpya. Za dukani za kawaida msiweke, inatakiwa ya daraja lile lile la ugumu.

Ile ya alainimenti ina kemu, yaani kichwa chake kina alama za kurekebishia. Apige picha alama ilipo kabla hajagusa, ili gari iweze kutembea mpaka kwenye mashine bila kula tairi njiani.

Gesi asahau. Tenki la mafuta la hiyo gari liko chini ya siti ya nyuma, hapo hapo juu ya kichwa chake, na mipira ya breki inapita karibu.

binti_makambako

Nimemsomea yote. Kasema ana grenda. Bolti nzima zinapatikana Mbeya au niagize Dar?

fundi_mwanjelwa

Njoo na ya zamani mkononi hata kama imekatwa vipande viwili, tupime unene na nyuzi. Ile ya kemu nunua mpya, ya mtumba nyingi zimeliwa alama. Ukikosa Mwanjelwa ndio uagize Dar, inapanda basi jioni asubuhi uko nayo.